Kiungulia na Kilango cha Tumbo

Kiungulia ni moto unaowaka nyuma ya mfupa wa kidari, mara nyingi baada ya kula, kisha ukapanda kuelekea kooni. Wakati mwingine huja na maji makali yanayofika mdomoni mtu akiinama kufunga viatu. Karibu kila mtu hukipata siku moja moja: baada ya harusi, baada ya chapati nyingi za usiku, au katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Hapo bado si ugonjwa. Huwa ugonjwa kikishazoea kuja, tuseme mara mbili au zaidi kila wiki, au kikianza kukatiza usingizi na kuchubua ngozi laini ya ndani ya umio. Wataalamu wa kimataifa waliotoa maelezo ya Montreal mwaka 2006 waliueleza hivi: ni hali inayotokea vitu vya tumboni vinaporudi juu na kuleta dalili zinazosumbua au madhara. Kwenye kadi ya hospitali daktari huandika GERD.

Kamenu, mojawapo ya wadi za eneo bunge la Thika Mjini katika Kaunti ya Kiambu, si mahali ambapo jina hilo husikika sana. Anayeungua kifuani au juu ya kitovu husema ana asidi, au ana ulsa, na muuza dawa humwelewa mara moja. Shida ni kwamba chini ya majina hayo mawili hukaa magonjwa tofauti yasiyotibiwa kwa njia moja. Kidonda cha tumbo ni jeraha kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo mwembamba, na wenye makosa huwa wawili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu zinazomezwa kwa muda mrefu. Bakteria huyo alitambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe ili kuonyesha kuwa wanaumiza tumbo, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Ni ugunduzi mkubwa, lakini hauhusu kiungulia. H. pylori si chanzo cha asidi kupanda. Wapo waliomeza antibayotiki zake mara mbili tatu wakingoja moto wa kifuani uzimike. Bakteria hufa, nao moto ukabaki palepale. Bila shaka mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na hilo ndilo linalofanya vipimo kuwa bora kuliko kubahatisha.

Mfuko wa tumbo wa mtu mzima hutoa takriban lita moja na nusu hadi mbili za majimaji kila siku, na ndani yake mna asidi hidrokloriki. Asidi hiyo ina kazi ya lazima: huua vijidudu vinavyoingia na chakula na maji, na huanzisha usagaji wa nyama, maharagwe na protini nyinginezo. Ukali wake hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka ukali hupanda. Maji safi yapo kwenye 7. Majimaji ya tumboni huwa kati ya 1.5 na 3.5. Mfuko wenyewe hauungui kwa kuwa umepakwa ute mzito unaofanywa upya kila mara. Umio, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi linaloshuka kutoka kooni, hauna kinga ya namna hiyo. Kinachoutenga na asidi ni kilango kidogo cha misuli mwishoni mwake.

Kilango hicho hufunguka mtu anapomeza, kisha kikajifunga. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hukizunguka na kukibana kwa nje, hasa mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo. Lakini mara kadhaa kwa siku kilango hulegea chenyewe bila mtu kumeza chochote, kwa sekunde kumi au zaidi, hasa mfuko ukiwa umejaa chakula. Ndivyo gesi inavyopata njia na mtu kupiga mbweu. Kwa mwenye ugonjwa, asidi hupanda pamoja na gesi hiyo. Kwa wengine kilango kimelegea karibu muda wote, na kwa wengine tena sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo imepenya tundu la kiwambo ikaingia kifuani, hali iitwayo ngiri ya kiwambo, na hapo kilango hukosa mhimili wake wa nje. Jambo la kushika ni hili: wagonjwa wengi wana asidi ya kiasi cha kawaida kabisa. Kilichokosewa ni mahali ilipofika. Ndiyo maana swali la kula nini, ambalo ndilo la kwanza kuulizwa na karibu kila mgonjwa, lina uzito mdogo kuliko maswali ya kula lini, kula kiasi gani na kulala vipi.

Swali la kula lini linagusa maisha ya Thika moja kwa moja. Ni mji wa viwanda, na viwanda vina zamu za usiku. Wengine wanaokaa Kamenu huamkia matatu kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita arubaini kwa Barabara Kuu ya Thika iliyozinduliwa Novemba 2012, na kurudi giza limeshaingia. Asubuhi ni chai na mandazi, mchana ni sahani ya kibandani inayoliwa haraka au isiyoliwa kabisa, na mlo wa kushiba ni ule wa nyumbani, saa tatu au saa nne usiku. Nusu saa baadaye taa imezimwa. Kwa ratiba hiyo, mfuko hujaa kupita kiasi wakati uleule ambao mwili unalala chini.

Mtu akiwa wima, uzito wa chakula wenyewe huvuta vitu kushuka, na mate, ambayo yana kemikali ya kupoza asidi, humezwa mara kwa mara na kuusafisha umio. Akilala, vyote viwili hupotea: mwili umelala sambamba kama chupa iliyojaa iliyolazwa na kifuniko kisichokaza, mate hupungua, na mtu huacha karibu kabisa kumeza. Asidi iliyopanda usiku hukaa juu ya umio muda mrefu zaidi ya ile ya mchana, na ndiyo yenye kuchubua. Kwa hiyo ushauri wenye faida kubwa kuliko wote haugharimu chochote: mlo mkubwa uhamie mchana, wa usiku uwe mdogo, na kati yake na kitanda zipite saa tatu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hutumia kanuni hiyohiyo akigeuza saa. Aliyetoka kazini saa moja asubuhi hapaswi kula sahani ya ugali na nyama kisha akajitupa kitandani.

Kitanda chenyewe husaidia. Miguu ya upande wa kichwa ikiinuliwa kwa matofali au vipande vya mbao kwa sentimita 15 hadi 20, mwili mzima hupata mteremko. Kurundika mito hakufanyi kazi hiyo. Mito hukunja mwili kiunoni, tumbo likabanwa, na asidi ikasukumwa juu. Kulala kwa ubavu wa kushoto nako kuna faida iliyothibitishwa, kwa sababu ya jinsi mfuko wa tumbo ulivyojipinda: mtu akilala kushoto, kilango huwa juu ya kimo cha majimaji, akilala kulia, kilango huzama ndani yake.

Kisha kuna kitambi. Mafuta yaliyojaa tumboni husukuma mfuko juu saa zote, na ni miongoni mwa sababu zilizo wazi zaidi za ugonjwa huu. Mwenye uzito uliozidi akipunguza hata kilo chache, dalili hupungua, na wengine huacha dawa kabisa. Mshipi uliokazwa na nguo za kubana tumbo hufanya madhara hayohayo kwa kiwango kidogo. Sigara hulegeza kilango na kukausha mate. Pombe hulegeza kilango na kuchokoza umio kwa wakati mmoja, na haijalishi ni bia ya chupa au muratina.

Baada ya hapo ndipo inafaa kuzungumzia chakula, na mjini Thika mazungumzo hayo huanza na nanasi. Mashamba ya Del Monte yameuzunguka mji, na matunda yake huuzwa yakiwa yamekatwa vipande kando ya barabara. Nanasi ni chachu kweli, pH yake ikiwa kati ya 3 na 4. Hata hivyo kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo majimaji ya tumboni yenye pH ya 2 yana ukali mara kumi wa nanasi lenye pH ya 3. Nanasi halilegezi kilango wala halizalishi ugonjwa. Linachofanya ni kuuma njiani umio uliokwisha kuchubuka, sawa na chungwa, limau na mchuzi wa nyanya nyingi. Mwenye umio mzima hula nanasi zima asijue kama kuna neno kiungulia.

Mafuta ni habari nyingine. Chakula chenye mafuta mengi huchelewa kuondoka tumboni na hulegeza kilango, hivyo chipsi, chapati zilizokolea mafuta, mandazi na nyama ya kukaanga zina hatia zaidi ya tunda. Githeri, ambayo hulaumiwa sana, haina asidi wala mafuta ya kutisha. Kosa lake ni gesi ya maharagwe na ukubwa wa sahani. Kuloweka maharagwe usiku kucha, kumwaga maji yale na kupakua kidogo humwezesha mgonjwa kuendelea na milo mingi aliyoizoea. Pilipili huwachoma wengine na kuwaacha wengine. Mnanaa unastahili tahadhari ya pekee, kwa kuwa huuzwa kama kitulizo cha tumbo ilhali hulegeza kilango. Peremende za mnanaa baada ya chakula huenda zikawa ndizo zinazowasha moto ambao mtu anajaribu kuuzima.

Kahawa huwasumbua baadhi. Kiambu hulima kahawa nyingi na kunywa chai zaidi, kwa hiyo lawama huku huiangukia chai ya maziwa iliyokolea majani na kunywewa tumbo tupu. Maziwa matupu, dawa ya bibi katika nyumba nyingi, hupoza kwa dakika chache, kisha protini na kalsiamu yake huliamsha tumbo kutoa asidi zaidi. Kwa kuwa watu hutofautiana, orodha ndefu ya vyakula vilivyopigwa marufuku humdhoofisha mgonjwa bila sababu. Kuandika kwa wiki mbili alichokula, saa aliyokula na wakati moto ulipowaka humwonyesha vyakula viwili vitatu vyenye kumdhuru yeye, na vingine vyote vikabaki mezani.

Dawa za magonjwa mengine pia huhusika, na hizi husahaulika. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa bila cheti kwa maumivu ya mgongo na viungo, hudhuru ukuta wa tumbo na kuongeza kiungulia. Mbeba mizigo au mwendesha bodaboda anayezimeza kila jioni hujitengenezea kidonda. Aspirini iko kundi hilo. Amlodipini na nifedipini, zinazotolewa kwa shinikizo la damu, huweza kulegeza kilango, ingawa mgonjwa wa presha hapaswi kuziacha bila kuzungumza na daktari. Doksisaiklini ni hatari kwa namna nyingine: kidonge kikikwama kwenye umio huuchoma na kuacha kidonda mahali pale. Hupaswa kumezwa kwa bilauri nzima ya maji, mtu akiwa ameketi au amesimama, wala si dakika ya mwisho kabla ya kulala.

Dalili haziishii kwenye moto wa kifuani. Asidi inayofika kooni hukwaruza sauti, hasa asubuhi, huleta kikohozi kikavu kisichoisha, huamsha pumu, na kwa miaka hula meno kwa upande wa ndani. Hapa pana mitego miwili. Kwanza, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili nchini Kenya hupimwa kifua kikuu kabla ya kusingiziwa asidi. Pili, moyo na umio vimekaa jirani, na maumivu yake hufanana. Maumivu yanayobana kifua na kuenea mkono wa kushoto, bega au taya, yakiambatana na jasho jembamba, kukosa pumzi au yakija wakati wa kupanda ngazi, ni ya kwenda hospitali saa ileile. Wako waliokunywa dawa ya gesi wakiwa na mshtuko wa moyo.

Mwenye umri wa chini ya miaka hamsini hivi, mwenye dalili za kawaida tu, hahitaji kipimo kikubwa. Daktari humpa dawa ya kupunguza asidi kwa wiki nne hadi nane, na nafuu yenyewe huwa sehemu ya uthibitisho. Kipimo cha kamera, ambacho mrija mwembamba hupitishwa mdomoni hadi tumboni, huwekewa wenye dalili za hatari: chakula kinachokwama au kuuma kinaposhuka, kutapika damu au vitu vilivyo kama machicha ya kahawa, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kutaka, upungufu wa damu, kutapika kusikokoma, au kiungulia kinachoanza kwa mara ya kwanza uzeeni. Mkazi wa Kamenu huanzia kituo cha afya au Hospitali ya Thika Level 5, kisha akapewa rufaa ikibidi. Anafaa kuuliza mapema ni kiasi gani kitakacholipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024. Kamera yenyewe huchukua dakika kumi hadi kumi na tano. Mgonjwa hukaa bila kula saa sita hadi nane, koo hupuliziwa dawa ya ganzi, na wengine huchomwa sindano ya kuwatuliza. Zaidi ya nusu ya wenye kiungulia hukutwa na umio usio na jeraha, na matokeo hayo hayamaanishi kuwa wanajisingizia. Asidi huuma hata kabla ya kuchubua. Anayeendelea kuteseka ijapokuwa kamera haikuona kitu hupimwa kwa waya mwembamba unaorekodi asidi ndani ya umio kwa saa ishirini na nne.

Kupimwa H. pylori nako kuna utaratibu wake. Kipimo cha choo na kile cha pumzi huonyesha bakteria walioko sasa. Kipimo cha damu huonyesha kinga ambayo hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa, na aliyekwisha kutibiwa hupewa dawa upya bila haja. Anayemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, huiacha wiki mbili kabla ya kipimo cha choo au pumzi, vinginevyo bakteria hujificha na jibu likawa la uongo.

Hofu kubwa ya wengi ni saratani ya umio, na Kenya ina sababu ya kuihofia, kwani ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini. Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, inajulikana duniani kwa wingi wa wagonjwa wake wa aina hiyo, baadhi yao wakiwa vijana. Lakini saratani hiyo ya Afrika Mashariki hutoka kwenye ngozi ya kawaida ya umio na si ile inayotokana na asidi, ambayo imeenea zaidi Ulaya na Marekani. Asidi ya miaka mingi huweza kubadilisha ngozi ya chini ya umio, hali iitwayo umio wa Barrett, nayo mara chache hugeuka saratani. Hali hiyo si ya kawaida miongoni mwa Waafrika. Vinavyohusishwa na saratani ya huku ni pamoja na pombe, tumbaku na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na zaidi ya nyuzijoto 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani. Kuiacha chai ipoe kidogo ni jambo jema kwa mwenye kiungulia na asiyekuwa nacho.

Dawa za kiungulia ziko za namna nne, na kosa la kawaida ni kutumia ya namna moja kwa kazi ya nyingine. Za kwanza ni za kupoza asidi iliyokwisha kutoka: vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, dawa za maji, unga wa Eno. Huanza kazi kwa dakika chache na kuisha baada ya saa moja mbili. Zinafaa kwa moto wa siku moja moja. Eno na magadi ya kuokea zimejaa sodiamu, hivyo si za kila siku kwa mwenye presha, ugonjwa wa figo au wa moyo. Za pili zina alginati, kemikali ya mwani wa baharini inayoelea juu ya chakula kama utando na kuizuia asidi isipande; hizi hunywewa baada ya mlo na kabla ya kulala.

Onyo moja linawahusu wengi nchini. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zenye dolutegraviri, ambazo ndizo kidonge cha kawaida Kenya, hapaswi kuzimeza pamoja na dawa ya kupoza asidi yenye magnesiamu au alumini. Madini hayo huishika dolutegraviri tumboni isifyonzwe. Kidonge cha virusi humezwa saa mbili kabla ya dawa ya asidi, au saa sita baada yake. Omeprazoli haina shida na dolutegraviri, ila haifai na rilpivirini wala na atazanaviri. Mtu asiyetaka kueleza hali yake kwenye duka la dawa hukosa kuambiwa haya, kwa hiyo ni bora ayaulize kliniki anakochukulia vidonge vyake.

Namna ya tatu ni vizuizi vya histamini. Ya kwanza, simetidini, ilitokana na kazi ya James Black na kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Black alipewa Nobel mwaka 1988. Ranitidini ilifuata na kuwa maarufu duniani kote, hadi ilipogundulika kuwa inaweza kujenga kemikali ya NDMA, inayodhaniwa kusababisha saratani, na mwaka 2020 Marekani ikataka iondolewe sokoni. Kopo la zamani la ranitidini kwenye kabati la nyumbani si la kuwekewa akiba. Famotidini, ya ukoo uleule, haina tatizo hilo, na hufaa kwa kiungulia cha usiku.

Ya nne ndiyo yenye nguvu: vizuizi vya pampu ya asidi, yaani omeprazoli, iliyoingia sokoni mwaka 1988, na ndugu zake esomeprazoli, pantoprazoli na lansoprazoli. Hizi hufunga pampu ndogo zilizo kwenye chembe za tumbo, lakini hufunga zile tu zilizoamka kwa ajili ya chakula. Kwa hiyo kidonge humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo, kwa kawaida kabla ya chai ya asubuhi, kila siku. Anayekimeza baada ya kula, au anayekimeza siku ambayo moto umewaka tu, hupoteza pesa zake, na ndivyo inavyotumiwa na watu wengi. Nguvu kamili huonekana baada ya siku tatu hadi tano. Chembechembe zilizomo ndani ya kapsuli zimepakwa ngao dhidi ya asidi. Zikitafunwa au kusagwa, dawa huharibika kabla ya kufyonzwa.

Matibabu ya kawaida ni wiki nne hadi nane, kisha dawa hujaribiwa kupunguzwa. Hapo hutokea kitu kinachowadanganya wengi: tumbo lililozuiwa kwa miezi hutoa asidi kwa wingi likiachiliwa ghafla, moto ukarudi kwa wiki kadhaa, na mgonjwa akaamini kwamba hawezi tena kuishi bila kidonge. Kupunguza dozi polepole, au kumeza siku moja na kuacha siku moja huku dawa ya kupoza ikitumiwa katikati, huivusha hali hiyo. Matumizi ya miaka yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12 na magnesiamu, na kwa kiasi kidogo na kuvunjika mifupa na maambukizi ya matumbo. Hayo si sababu ya mwenye umio uliochubuka vibaya kuiacha dawa; ni sababu ya daktari kuuliza kila mwaka kama bado inahitajika. Aliyewekewa kimrija (stenti) kwenye mshipa wa moyo na kupewa klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, humweleza daktari, kwani omeprazoli hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Wachache husaidiwa kwa upasuaji. Njia iliyo maarufu, kuvingirisha sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo kuzunguka mwisho wa umio ili kukipa kilango nguvu, ilichapishwa na daktari Rudolf Nissen mwaka 1956, na siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Inawafaa wenye ngiri kubwa ya kiwambo, au wanaopata nafuu kwa dawa lakini hawataki au hawawezi kuzimeza maisha yote. Ambaye dawa hazikumsaidia hata kidogo mara nyingi hatasaidiwa na kisu pia, kwa kuwa huenda tatizo lake si asidi.

Wajawazito wana kiungulia cha aina yao. Homoni za ujauzito hulegeza kilango, na mtoto akikua husukuma mfuko wa tumbo juu. Milo midogo ya mara kwa mara, kulala kushoto na dawa za alginati huwatosha wengi, na omeprazoli huweza kutolewa na daktari ikibidi. Vidonge vya kupoza asidi visimezwe pamoja na vidonge vya madini ya chuma vya kliniki, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Mawe laini yanayouzwa sokoni, ambayo baadhi ya wajawazito huyatafuna wakisema yanatuliza, hufanya kosa hilohilo la kukamata chuma, na mengine yamekutwa na risasi. Baada ya kujifungua, kiungulia huondoka chenyewe kwa walio wengi.

Watoto wachanga hucheua kwa sababu kilango chao hakijakomaa, maziwa ni mengi kulingana na udogo wa mfuko, na muda wao mwingi wamelala. Hali hufikia kilele miezi minne hivi na kwa wengi huisha kabla ya mwaka na nusu. Mtoto anayecheua huku akinyonya vizuri na kuongeza uzito hahitaji dawa. Kumshika wima dakika ishirini au thelathini baada ya kunyonya na kumtoa hewa hutosha. Hulazwa chali, hata akiwa anacheua, kwa kuwa kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto. Anayetapika kwa nguvu kila anyonyapo, anayetapika kijani au damu, anayekataa kunyonya, au ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha uzito umesimama, hupelekwa hospitali bila kungoja tarehe ya chanjo.